Njia ya Kushukia Kaburini

Watu wengine huogopa simba, wengine huogopa mama mkwe. Fundi aliogopa mlango ukifungwa. Ungemwona njiani usingedhani: mabega mapana, masharubu yaliyokatwa kwa uangalifu, na bisibisi ndogo mfukoni ambayo hakuitoa hata alipokwenda kwenye harusi za watu. Na la ajabu zaidi, kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti. Mungu naye ana mizaha yake. Mtu anayeogopa kufungiwa, riziki yake imewekwa ndani ya sanduku la chuma.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa akiteremka kwenye shimo la lifti, kule chini kabisa penye giza na grisi, kama wewe unavyoingia jikoni kwako. Kazi yao ina sheria nyingi, lakini ya maana ni moja: aliye juu haondoi lifti mpaka aite, na aliye chini aitikie. Siku moja aliye juu aliita, na kwa haraka zake hakungoja jibu. Lifti ikashuka taratibu, ikakaa juu ya springi za kuizuia zilizo sakafuni, na Fundi akabaki chini yake amelala kifudifudi, sakafu ya chuma ikimgusa kisogo. Hakuweza hata kugeuza shingo. Walipomtoa, jeraha lilikuwa begani tu, mchubuko wa kupaka dawa. Nyumbani akasema ameteleza ngazini. Mkewe akampaka dawa, akamwambia mtu mzima aangalie anapokanyaga, na habari ikaishia hapo.

Iliishia hapo kwa mkewe. Kwake yeye ndiyo kwanza ilianza. Tangu siku hiyo hakupanda lifti tena, hata zile alizozitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Chooni alikuwa akiacha mlango wazi kidogo, akisingizia bawaba. Alipopewa usimamizi alishukuru kuliko watu walivyoelewa, maana msimamizi hukaa juu ya paa, kwenye chumba cha mashine chenye dirisha, na wengine ndio wanaoteremka. Aliyeijua siri yake alikuwa mmoja tu, mwenzake wa kazini ambaye watu walimwita Mnong'ono kwa sababu sauti yake husikika mtaa wa pili. Huyo aliongea juu ya kila kitu chini ya jua isipokuwa hilo.

Angestaafu na siri yake, akazikwa nayo, kama si mkewe na makaburi yake.

Mkewe alikuwa mkunga. "Asubuhi nawapokea wanaokuja," alikuwa akisema, "jioni nasoma habari za waliotangulia. Hawa wa katikati ndio wanaonichosha." Waliotangulia hao walikuwa wafalme wa nchi moja ya jangwa, mbali huko, ambako watu wa kale walichimba makaburi ndani ya mwamba, wakachora kuta zake kwa rangi, wakafunga, wakaondoka. Alikuwa na vitabu vyao. Alikuwa na kalenda yenye picha zao, mwaka wake ulikwisha kitambo na bado ilining'inia ukutani. Wala hakutaka kwenda kuyaona makaburi hayo kwa nje. "Kwa nje hata ngamia anayaona," alisema. Alitaka kushuka. Ainame, apite ile njia nyembamba, afike chumba cha chini alikolazwa mfalme, asimame mbele ya rangi ambazo hazijawahi kuonja jua. Na alitaka kushuka na mumewe.

Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara nyingi kuliko harusi ya bwana mwenye visingizio. Kwanza masomo ya watoto, halafu ugonjwa wa mama yake Fundi, halafu paa. Kila mara ni mkunga mwenyewe aliyesema, "Tuache tu, makaburi hayakimbii," kwa sauti nyepesi kama ya mtu anayekataa kuongezwa chai. Kisha huingia jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Fundi alikuwa akivisikia vyombo hivyo sebuleni na kuona aibu.

Sasa watoto wamekua na kuhama, mama ametangulia mbele ya haki, paa halivuji. Likizo ya mkunga imekubaliwa. Visingizio vyote vimekwisha, kimebaki kimoja tu, na hicho Fundi alijua kingepokelewa mara moja. Akisema tu, "Mama, mimi siwezi kuingia mahali pa kufungwa," mkewe angeiacha safari palepale kwa ajili yake, bila kinyongo, na isingepangwa tena. Asiposema, ataumbuka ndani ya ndege au ndani ya kaburi, na kumharibia mwenzake kitu pekee alichowahi kukitaka kwa nafsi yake. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Akilala linalala naye, akiamka linamtangulia kuvaa viatu.

Jumapili moja mkunga alitandaza ramani juu ya meza ya kulia, akazizuia pembe zake kwa vikombe. Alikuwepo na dada yake Fundi, mjane mwenye maneno makali na roho nyeupe, ambaye husema amepita tu kusalimia na huondoka baada ya chakula.

"Hapa ndege inatua," mkunga alisema, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Hapa tunapumzika. Hapa tunachukua gari mpaka bonde la makaburi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tunaingia. Njia inashuka hivi." Akakiinamisha kiganja chake. "Nyembamba. Unatembea umekunja mgongo."

"Na mkikutana na wanaotoka?" aliuliza wifi yake.

"Mmoja anajibana ukutani, wifi, mwingine anapita."

"Ajibane huyu?" Dada akamtazama kaka yake kuanzia kidevuni mpaka kiunoni. "Na kitambi hiki? Ataziba kaburi la watu kama kizibo. Mfalme mwenyewe ataamka aulize nani kafunga mlango."

Wanawake wakacheka mpaka vikombe vikalia. Fundi naye akacheka, lakini chini ya meza alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, na ile njia iliyoonyeshwa kwa kiganja aliiona inamjia usoni.

"Hewa je?" aliuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa tu.

"Ipo, baba. Watu wanaingia kila siku."

"Umeme ukikatika humo ndani?"

"Tuna tochi."

"Na nge? Nasikia jangwani kuna nge."

"Nge ana akili kuliko watalii, akiona watu anajificha." Mkunga aliweka kalamu chini. "Wiki iliyopita ilikuwa joto. Kabla ya hapo ilikuwa pasipoti. Leo ni nge. Niambie kweli, hutaki kwenda?"

"Nani kasema sitaki?"

"Sijasema umesema. Nimeuliza."

"Nataka," alisema Fundi, na jasho likamtoka kwenye masharubu.

Mkewe alimtazama kwa lile jicho lake la kazini, jicho la kumpima mtu anayedai kwamba bado hajasikia uchungu. Kisha akarudi kwenye ramani yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Lakini aliyeoa haumbuliwi na kifo, mke humuwahi.

Siku chache baadaye Fundi aliporudi kutoka kazini alikuta korido ya nyumba yake imegeuzwa. Meza ndogo, viti na ubao wa kupigia pasi vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kutoka sebuleni hadi chumbani, vimefunikwa kwa mashuka na mablanketi mpaka chini. Upande wa pili kichwa cha mkewe kilichomoza, nywele zimeshika vumbi la uvunguni, uso umemchangamka kama wa msichana.

"Kaburi!" alisema. "Tujizoeze. Mimi nimeshapita na kurudi. Magoti yanalia lakini nimepita. Vua viatu, njoo."

Fundi aliinama. Aliona giza la mashuka, na mwisho wa giza, mbali, uso wa mkewe. Aliingiza kichwa. Aliingiza mabega. Blanketi likamgusa kisogo.

Kilichofuata hakukikumbuka vizuri. Alijikuta amesimama karibu na mlango wa nje, meza moja imepinduka, shuka limemzonga shingoni, naye anasema kwa sauti isiyo yake kwamba kazini wamempigia, lifti imekwama, kuna watu ndani. Simu yake ilikuwa imelala juu ya kochi, mbele ya macho yao wote wawili, wala haikuwa imelia. Mkewe aliitazama simu. Akamtazama yeye. Ule uchangamfu ukamtoka usoni kidogo kidogo, na hilo lilimuuma Fundi kuliko blanketi.

"Nenda basi," mkewe alisema. "Watu wasije wakafa humo."

Alizunguka mitaani bila mbele wala nyuma, akitazama madirisha ya maduka asiyoyaona. Aliporudi, meza zilikuwa mahali pake na mashuka yamekunjwa. Mkunga alimwandalia chakula, akamuuliza kama watu wametoka salama. Fundi akajibu kwamba wametoka. Uongo wa pili huo, na huu ulikuwa na ladha mbaya zaidi ya ule wa kwanza.

"Mwambie," alisema Mnong'ono siku iliyofuata. Walikuwa juu ya paa, wakipaka mashine grisi, dirisha limefunguliwa kabisa kama Fundi alivyopenda.

"Nikimwambia ataacha kwenda."

"Aache! Kaburi ni kaburi. Hata sisi tutapata letu, na hatutapanda ndege kulifuata."

"Ataacha bila hata kununa. Hilo ndilo nisiloliweza."

Mnong'ono alifuta mikono yake kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Basi jizoeze polepole, nami nikiwepo. Leo unaingia mlango ukiwa wazi, kesho unafungwa nusu. Lakini peke yako usijaribu, ndugu yangu. Nakuomba."

Fundi aliitikia. Lakini aibu ni mshauri mbaya, na yeye alikuwa amechoka kuonekana akitetemeka, hata na rafiki.

Ofisi ya tiketi ilikuwa juu kabisa katika jengo moja la zamani katikati ya mji, na lifti ya jengo hilo ilikuwa mikononi mwa kina Fundi. Yeye na mkewe walikuwa wameahidiana kukutana hapo Ijumaa alasiri, mkunga akitoka zamu, wakakate tiketi. Fundi akapiga hesabu yake. Atafika mapema. Atapanda lifti ile peke yake, ataisimamisha katikati ya ghorofa na ghorofa, atavumilia. Mkewe akija, watapanda pamoja mpaka juu kama watu wengine. Aliyepanda lifti atapanda ndege, na aliyepanda ndege atapiga moyo konde ashuke kaburini. Ilikuwa hesabu safi. Mwoga akikaa kupiga hesabu, hazikosi kuwa safi.

Akafanya kama mafundi wafanyavyo. Kwenye mlango wa kila ghorofa alitundika kibao: FUNDI YUPO KAZINI, USIGUSE. Hakutaka mtu aite lifti na kumkuta humo anatweta. Akamwambia mlinzi wa mlangoni, "Ukisikia kengele ya lifti, usihangaike. Ni mimi naijaribu." Kisha akamwachia simu yake, maana alijijua: akiwa nayo angempigia Mnong'ono kabla mlango haujafungwa. Hivyo mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi alijizibia njia zote za kuokolewa, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu mzuri na kwa mkono wake mwenyewe.

Mlango ulifungwa. Lifti ikapanda. Alikuwa amefumba macho, ameishika bisibisi mfukoni kama mtoto aliyeshika kidole cha mama yake. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akafumbua macho. Taa inawaka. Feni inazunguka. Pumzi inaingia na inatoka.

"Kumbe!" alisema kwa sauti. Akajitazama kwenye kioo, na masharubu yake yakamtabasamia.

Umeme ukakatika.

Taa ilizimika. Feni ikapunguza mwendo, ikalia kidogo, ikanyamaza. Fundi alisimama gizani akingoja urudi, maana hurudi, na haukurudi. Akabonyeza kengele. Kengele ya lifti hutumia betri, na betri ile aliibadilisha yeye mwenyewe, kwa hiyo ililia vizuri sana. Ililia jengo zima. Jengo zima likaisikia, na jengo zima likaendelea na mambo yake. Kupitia upenyo wa mlango alimsikia mwanamke anashuka ngazi akilalamika, "Mafundi hawa! Wamezima umeme tena." Akamsikia na mlinzi akimjibu, kwa majivuno ya mtu aliyepewa habari za ndani, "Anajaribu kengele huyo. Kaniambia mwenyewe."

"Nisaidieni!" Fundi alipiga kelele.

"Umesikia?" mlinzi alisema. "Sasa anajaribu na sauti."

Hapo woga ukamvamia bila kubisha hodi. Aliisikia sakafu ya chuma kisogoni ingawa alikuwa amesimama. Alipiga mlango kwa ngumi, akausukuma kwa bega. Alijua yote ambayo fundi hujua: lifti haianguki hovyo, nyaya zake ni imara, hewa inapenya kila pembe. Alijua, na kujua hakukumsaidia kitu. Akili ilikuwa kona moja na mwili kona nyingine, kama ndugu waliogombana. Mwishowe alikaa chini, akaweka kidole kwenye kengele, akakiacha hapo.

Ndipo akasikia sauti ya mkewe.

"Yuko wapi?"

"Yupo kazini, mama. Kasema tusihangaike."

"Kazi gani hiyo ya gizani?"

"Anajaribu kengele."

Fundi akafungua mdomo aite. Hakikutoka chochote isipokuwa mlio mdogo wa kooni, ambao hakujua kwamba anao.

"Huyo hafanyi kazi," mkunga alisema. "Nimesikiliza watu wakiumwa maisha yangu yote. Hiyo simu yake hapo mezani, mpigie mwenzake, yule mwenye sauti. Mwambie aje sasa hivi. Na hicho kibao kitoe mbele ya macho yangu."

Viatu vyake vikapanda ngazi mbio. Kisha sauti ikaja kutoka juu kidogo, kwenye upenyo wa mlango wa ghorofa ya pili, sauti tulivu ambayo Fundi hakuwahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa sauti ya wodini, ya watu wengine.

"Baba. Usinijibu, pumua kwanza. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo polepole, kama unapuliza uji wa moto. Tena. Hakuna haraka, hatuendi popote."

Akavuta. Akatoa. Kidole kikaiachia kengele, lakini bega likaanza tena kuusukuma mlango.

"Nasikia unasukuma mlango. Nimekuambia usukume?"

"Hapana," Fundi alijibu gizani.

"Basi usisukume. Wakati ukifika nitakuambia."

Akacheka, nusu kicheko nusu kilio, na kicheko hicho kikafungua kila kitu. "Mama," alisema, "sikuteleza ngazini."

"Lini?"

"Zamani. Lile bega. Lifti ilinishukia nikiwa shimoni, nikalala chini yake. Tangu siku ile siwezi. Siwezi ndege, siwezi kaburi lako, siwezi hata chooni kwetu. Nilikuja kujizoeza nisije nikakuharibia safari. Siwezi, mama."

Upande wa pili hapakusikika kitu. Hata viatu havikusogea. Ukimya huo ulimtisha Fundi kuliko giza, kwa sababu alidhani anajua kinachopikwa humo: sauti nyepesi, na jikoni, na vyombo vinavyooshwa mara ya pili.

"Toa pumzi," mkewe alisema hatimaye. "Usiiache hapo kifuani."

Mnong'ono alifika akihema na kufoka kwa pamoja. Alisikika ngazi zote mpaka juu ya paa, akimlaumu Fundi, akimlaumu mlinzi, akiwalaumu wenye umeme. Kule juu akaizungusha mashine kwa mkono, na lifti ikapanda kwa mitikisiko midogo mpaka ikalingana na sakafu. Mlango ukafunguliwa. Fundi alitoka kwa magoti. Mkewe alikuwa ameketi chini na sare yake ya kazi, vumbi limemjaa. Akamvuta karibu, akamfuta uso kwa leso, akamfuta masikio na shingo, bila haraka.

"Ngazi unaziweza?" alimuuliza.

"Naziweza. Kwenda wapi?"

"Juu. Tuna miadi."

Wakapanda. Fundi alikuwa na hotuba yake, aliyoitunga miezi mingi kwa siku kama hii. "Mama, nisikilize. Usiiache safari."

"Panda."

"Nakuomba. Usiiache kwa ajili yangu. Nenda na dada, nenda na binti yetu, mimi nitakuwa sawa."

"Panda kwanza, pumzi zako zitunze."

Kwenye kituo cha mwisho cha ngazi mkunga alisimama, akaegemea ukuta. Alionekana amechoka kuliko wakati wowote wa kutoka zamu. "Nilidhani umenichoka mimi," alisema. "Siku ile uliposema umepigiwa simu. Nilibaki nimekaa chini ya mashuka yale, mtu mzima na mvi zangu, nikajiuliza ni nani huyo unayemkimbilia."

"Hakuna mtu. Wallahi hakuna."

"Sasa najua. Lakini nilikaa na langu, na wewe ukakaa na lako, tukipakuliana chakula kila siku."

 Hotuba ya Fundi haikuwa na sehemu ya hilo.

Umeme ulikuwa umesharudi ofisini. Msichana wa tiketi, mwenye miwani na tabasamu la kazi, aliwakaribisha viti. "Zilikuwa tiketi mbili, sivyo?"

Fundi alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa tayari. Mkewe akisema tu kwamba wameghairi, atakataa. Atapiga magoti hapo mbele ya watu ikibidi, aombe, alie.

"Moja," alisema mkunga.

"Moja?" Msichana akamgeukia Fundi. "Baba haendi?"

"Haendi. Na unipe kiti cha dirishani."

Alitoa pasipoti yake mkobani, akaifungua mwenyewe kwenye ukurasa wa picha, akaisogeza mbele. Hakumtazama mumewe. Sauti yake haikuwa nyepesi wala nzito. Ilikuwa sauti ya mtu anayenunua kitu anachokitaka.

Fundi akaiachia kaunta. Nafuu ndiyo iliyotangulia, kubwa: hapandi ndege, hashuki kaburini, yamekwisha. Halafu nyuma ya nafuu kikaja kitu kingine, kikamchoma mahali ambapo hakupatazamia. Miezi yote ile alikuwa amejitesa kwa kuamini kwamba mwanamke huyu hawezi kwenda bila yeye. Alikuwa amejiandaa kwa kila jambo, hata kwa nge. Hakujiandaa kuachwa.

Walipokuwa wakishuka ngazi, alisema, "Hata hukusita."

"Nilisita. Ulipokuwa unaniambia, humo ndani. Neno la kuacha lilifika hapa." Mkunga akagusa koo lake. "Ungeniambia zamani, ningelisema, na tungekuwa tumekaa nyumbani. Leo nilijua nikilisema nitakuchukia. Si kidogo, baba. Na wewe sasa ndiyo kwanza nataka kukujua."

Fundi alishuka ngazi kadhaa. Bega lilimuuma pale alipousukuma mlango.

"Utanisimulia ukirudi?"

"Mengi nitakusimulia."

"Siyo yote?"

Mkewe alifikiri, kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila mama mwenye uchungu alipomuuliza bado muda gani ajifungue. "Kile chumba cha chini," alisema, "nadhani hicho kitakuwa changu."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mkunga akatangulia kushuka, mwepesi wa miguu, mkoba ameukumbatia, na yeye akamfuata ameshika reli, akiutazama mgongo wake mpaka ulipopotea kwenye kona.